Moto wa Udi

Kipande cha udi kikiwa baridi hakina makuu. Ni kibanzi cheusicheusi, na ukikinusa utapata harufu ya mti, na utomvu kwa mbali. Kitie juu ya kaa la moto, na jirani wa nyumba ya tatu atajua kwamba kwenu leo kuna mgeni, au kuna bibi harusi. Yote hayo ni kazi ya joto. Katika kisiwa cha Pate, pwani ya Kenya, kuanzia Pate yenyewe hadi Siyu, Faza na Kizingitini, wapo wanawake ambao sifa yao mtaani ni kulijua joto hilo: liwe kiasi gani, na liondolewe lini.

Mti wenyewe si wa pwani hii. Aquilaria huota misituni kuanzia Assam, India, hadi visiwa vya Indonesia, na ukiwa mzima mbao zake ni nyeupe, nyepesi, wala hazina harufu ya kutajwa. Ukijeruhiwa na kuvu ikaingia jerahani, mti hujikinga kwa utomvu mweusi, na utomvu huo ndio mali. Wanakemia wamekuta ndani yake jamii ya kemikali ziitwazo kromoni. Molekuli zake ni nzito, haziruki hewani zenyewe. Joto huzivunja zikatoa vipande vidogo vinavyonukia, kimojawapo benzaldehaidi, ile inayoipa lozi chungu harufu yake. Joto likipungua, udi hukaa kimya. Likizidi, kibanzi hushika moto na sebule ikanuka kama jiko la kuni mbichi. Njia zote za kuandaa udi nyumbani, ukizitazama vizuri, ni njia za kuuzuia moto usiwe na haraka.

Pate imezoea bidhaa za mbali tangu kale. Mwanaakiolojia Mark Horton alipochimba Shanga, kusini mwa kisiwa, katika miaka ya 1980, alikuta mji uliokuwako tangu karne ya 8, pamoja na vigae vya vyombo vya Ghuba na China. Wala pwani haikuwa mnunuzi tu. Al-Mas'udi, mwandishi Mwarabu aliyesafiri bahari hii mara ya mwisho mwaka 916, aliisifu ambari ya nchi ya Zanj, yaani pwani hii. Kwa hiyo majahazi ya kaskazi yalipoleta manukato, ya kusi yalipeleka mengine, na mchanganyiko unaopikwa leo jikoni una nasaba ya pande zote mbili.

Kujinukiza ni sehemu ya adabu ya nyumba. Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858, wasia wake uliojaa dini ulipata nafasi ya hina, wanja na pete. Kule Unguja, Sayyida Salme, binti wa Sultani, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886 jinsi nguo na malazi vilivyofukizwa. Desturi hiyo haijafa: nguo za sikukuu bado hutandazwa juu ya fito, chetezo kikawekwa chini, na maulidini udi hupitishwa safu kwa safu huku mrashi ukinyunyiza marashi nyuma yake.

Njia nyepesi kuielezea ni ya udi mtupu, nayo ni ya mwenye uwezo. Makaa ya vifuu vya nazi huwashwa mpaka yakaiva yote, kisha huachwa. Hapa ndipo wageni wa kazi hii wanapokosea, kwa sababu kaa jekundu linavutia macho na mkono unataka kutupia udi palepale. Mjuzi hungoja kaa livae majivu, na likiwa bado kali huongeza majivu kidogo kwa juu. Kibanzi kisichozidi ukucha kinatosha. Moshi ukipanda mwembamba, mambo ni sawa. Ukitoka mweupe mzito, kibanzi huondolewa kwa koleo na kungojewa tena.

Lakini sanaa yenyewe iko kwenye udi wa kupika. Sukari hutiwa katika sufuria pamoja na marashi ya mawaridi, moto mdogo, na mwiko hauondoki mkononi. Mwanzoni hakuna la kutazama: mapovu makubwa, mvuke mwingi, kwa sababu maji yanatoka. Baadaye mapovu huwa madogo na mazito, na mwiko ukiinuliwa shira hudondoka kwa uzi. Mpishi huchukua tone moja akalidondosha katika bakuli la maji baridi. Likilainika kati ya vidole, bado. Likikatika kwa mlio mdogo, kama kioo chembamba, sufuria hushuka. Kipimajoto kingesema kama nyuzi 150 za Selsiasi, na kwa kuwa rangi ya hudhurungi na uchungu wake huanza nyuzi chache tu mbele, aliyeinuka kumjibu mtu mlangoni hurudi akakuta kazi imeharibika. Ndiyo sababu siku ya kupika udi watoto hutumwa mbali.

Ndani ya shira hiyo huingia vibanzi vya udi, unga wa sandali, na kwa mwenye navyo, miski na ambari. Mafuta ya manukato hungoja. Hutiwa mwisho, sufuria ikiwa nje ya moto na mvuke umekwisha, kwani mafuta yanayonukia huruka kwa joto dogo sana; yakitiwa mapema, jikoni patanukia ajabu na udi utabaki na sukari. Kisha mchanganyiko humwagwa kwenye sinia, ukipoa huvunjwavunjwa na kufungiwa katika chupa. Siku chache za kwanza harufu zake zinagombana, kila moja ikitaka kusikika. Zikikaa wiki kadhaa, hutulia pamoja.

Sukari ina kazi mbili, na wengi huitambua moja tu. Inashikanisha, hilo liko wazi. Lakini pia inaufunika udi, hivyo kaa lazima liyeyushe sukari kwanza ndipo lifike kwenye kibanzi. Gharama yake ni moshi: udi wa kupika una moshi mzito kuliko udi mtupu, na mwenye pumu hukaa karibu na dirisha.

Kuna pia udi wa kuloweka, vibanzi vinavyofungiwa ndani ya mafuta ya manukato bila kuona moto kabisa. Ni rahisi, hauharibiki, na duka lolote la manukato Mombasa linao. Harufu yake ya kwanza inavutia, lakini mafuta ya juu yakishaungua, mbao duni iliyokuwa imefichwa hujitokeza.

Wajapani, katika sanaa yao ya kodo, wamefika mbali zaidi kuliko wote katika kuuzuia moto: kaa huzikwa ndani ya majivu, juu yake huwekwa kipande chembamba cha maika, na kibanzi hupata joto bila moshi wowote. Vyetezo vya umeme vinavyokuja na ndugu kutoka Dubai na Muscat vinafuata wazo lilelile. Vinafaa chumba kidogo. Kwa nguo havifai sana, maana nguo inataka moshi uingie ndani ya uzi.

Bei nayo imebadilisha mapishi. Udi huuzwa kwa tola, yaani gramu 11 na ushei, na mwaka 2004 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, uliziweka spishi zote za Aquilaria chini ya udhibiti wa biashara. Wauza udi wa bandia hupaka mbao ya kawaida rangi na mafuta, ingawa bakuli la maji huwaumbua baadhi yao: kibanzi kilichojaa utomvu huzama, cha bandia aghalabu huelea. Mpishi wa Pate amejifunza kuinyoosha tola moja. Huanza na robo kilo ya sukari na sandali, akaikazia macho shira mpaka tone livunjike anavyotaka, na udi wa bei hautoki kwenye kitambaa chake kabla ya hapo.