Tasnifu ya Uzaramo katika Darasa la Mbinu za Utafiti

Tasnifu ya Marja-Liisa Swantz, Ritual and Symbol in Transitional Zaramo Society, iliyotolewa Uppsala mwaka 1970, husomwa zaidi kwa ajili ya habari za mwali, kungwi na mganga. Mwandishi, Mfini aliyekuja Tanganyika katika miaka ya 1950 na kufundisha walimu wanawake Ashira, alikaa kijijini Bunju, pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam, miongoni mwa Wazaramo ambao wengi wao ni Waislamu. Hapa nakusudia kuipima tasnifu hiyo kwa kipimo kingine: yaweza kumfundisha nini mtu mzima anayejifunza utafiti katika vyuo vyetu vya theolojia?

Mtu mzima huyo aghalabu ni mchungaji au mwinjilisti. Amekwisha kusuluhisha ndoa, kugawanya urithi uliokuwa na ugomvi, na kukagua hesabu za usharika zilizokuwa na walakini. Kuuliza anajua. Lakini tunamkabidhi kitabu cha Kiingereza, anakariri maana ya nadharia tete na sampuli, kisha anatunga hojaji kwa Kiingereza na kuitafsiri usiku wa kuamkia safari ya kwenda usharikani. Swali linakuwa hivi: Je, unaridhika na matumizi ya sadaka? Ndiyo, Hapana, Sina maoni. Mzee wa kanisa anajibu, “Tunashukuru, Baba Mchungaji.” Neno hilo laweza kuwa shukrani. Laweza pia kuwa njia ya adabu ya kukataa kujibu, au hata lawama, na kinachotenganisha maana hizo ni sauti na kimya kinachofuata. Mwanafunzi anatia alama kwenye Ndiyo. Miezi michache baadaye alama hiyo imekuwa asilimia katika jedwali, na huenda halmashauri ikaitumia kuamua juu ya fedha za watu.

Ubora wa Swantz uko hapa. Hakuanza na karatasi. Alianza kwa kuishi na watu, kuhudhuria shughuli za wanawake, na kungoja mpaka jambo lijieleze. Maneno ya wenyeji ameyaacha yasimame katika maandishi yake, akayafafanua pasipo kuyabadilisha kwa maneno ya Ulaya yanayofanana nayo kwa mbali. Baadaye, katika mradi wa Jipemoyo uliofanyika wilayani Bagamoyo kati ya 1975 na 1979, wazo hilo lilipanuliwa: wanakijiji wawe washiriki wa utafiti, wasiwe watu wa kuchunguzwa tu. Jina lenyewe la mradi halihitaji tafsiri kwa msomaji wa Kiswahili.

Hata hivyo, si haki kumwambia mwanafunzi wetu amwige tu. Swantz alikuwa mgeni, na mgeni ana ruhusa ya kutojua. Anaweza kuuliza jambo ambalo mtoto wa kijiji angelionea haya. Mchungaji hana ruhusa hiyo. Yeye ndiye anayebatiza na kuzika, na mbele yake hupita wale waliotengwa wanapoomba kurudi kundini. Binti aliyetengwa kwa ajili ya mimba atamweleza nini mtu ambaye kesho atakaa katika baraza linalomjadili? Kushiriki maisha ya watu, ambako kwa Swantz kulikuwa mlango, kwa mchungaji huweza kuwa ukuta. Tasnifu haimsaidii hapa, wala haikukusudia kumsaidia; lakini mwalimu anayeisomesha hana budi kulisema jambo hili, na pengine kumtuma mwanafunzi katika usharika usio wake.

Upungufu wa pili ni mzito zaidi. Kitabu kilichotokana na ukarimu wa Bunju kiliandikwa kwa Kiingereza, na waliokaribisha wasingeweza kukisoma. Sisi tunarudia jambo hilohilo pasipo udhuru wa ugeni. Mchungaji anaandika juu ya usharika wake, kwa lugha ambayo baraza lake la wazee halitaisoma, na muda wa kufikiri unaliwa na kusahihisha sarufi.

Simaanishi kwamba Kiingereza kiondolewe. Mhitimu atahitaji kuandika barua kwa makanisa rafiki ng’ambo, taarifa ya mradi, bajeti na maelezo yake, na maktaba zetu zimejaa vitabu vya lugha hiyo. Basi kifundishwe kama fundi anavyofundishwa chombo: barua halisi, taarifa halisi, muhtasari wa kurasa mbili wa utafiti uliokwisha kukamilika. Swali la utafiti litungwe kwanza kwa Kiswahili, au kwa Kichagga au Kihehe pale wanakoongea hivyo, na matokeo yasomwe mbele ya wazee wa usharika kabla ya kufika kwa mtahini. Wazee hao wataona mara moja mahali ambapo “tunashukuru” yao imehesabiwa kuwa Ndiyo.