Mbuzi Mmoja, Kilo Ngapi za Mtama?

Tarehe 20 Julai 2011 Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa Bakool ya kusini na Shabelle ya Chini, nchini Somalia. Kipimo kilikuwa IPC, mizani ya ukali wa njaa iliyobuniwa Somalia kwenyewe mwaka 2004. Masharti yake ya baa la njaa ni matatu, na yote lazima yatimie: angalau kaya 20 katika kila 100 ziwe zimeishiwa chakula kupita kiasi, watoto waliokonda kwa utapiamlo wavuke asilimia 30, na vifo vizidi viwili kwa siku kwa kila watu 10,000.

Tazama hilo la tatu. Mdadisi hupita nyumba kwa nyumba akiuliza nani amefariki katika miezi michache iliyopita. Kwa maneno mengine, mizani hungoja makaburi yachimbwe ndipo isome.

Sokoni habari hufika mapema. Pale huhitaji zaidi ya bei mbili: ya mbuzi na ya mtama. Mvua za deyr, za Oktoba hadi Desemba 2010, zilipokosekana, wafugaji walishusha mnadani mifugo iliyobaki mifupa, wote kwa pamoja. Bei ya mbuzi ikaporomoka huku ya mtama ikipaa. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, upate kilo ambazo mbuzi mmoja ananunua. Kilo hizo zikipungua mwezi hadi mwezi, njaa iko njiani hata kama mikono ya watoto bado haijakonda.

Kibarua wa mashamba ya bondeni hana hata huyo mbuzi. Kwake hugawanywa ujira wa siku kwa bei ya mtama, na ukame humkata mara mbili: mtama ni ghali, na palizi ya kumwajiri haipo. Uchambuzi unaopima mifugo peke yake humsahau, naye ndiye huanguka wa kwanza.

Tahadhari zilitolewa tangu 2010. Lakini sehemu kubwa ya kusini ilishikwa na kundi la wapiganaji la Al-Shabaab, Mpango wa Chakula Duniani (WFP) ulikuwa umesitisha kazi huko Januari mwaka huo, na wafadhili walisubiri. Makadirio ya 2013 yalihesabu vifo vya ziada 258,000 hivi kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012, yapata nusu yao watoto chini ya miaka mitano.

Mwezi ule wa tangazo, kambi za wakimbizi za Dadaab, upande wa Kenya, zilikuwa tayari zikipokea zaidi ya watu 1,000 kwa siku.