Juu ya Matangazo ya Marburg

Wasomaji wetu wa Ngara na Biharamulo wayakumbuka maneno mawili waliyoyasikia katika Januari 2025, nayo hayakuachana hata wiki moja. La kwanza lilitoka kwa Jenista Mhagama, aliyekuwa Waziri wa Afya wakati ule: kwamba sampuli za washukiwa wote, hadi tarehe 15 Januari, zimepimwa wala virusi vya Marburg havikuonekana. La pili lilitoka kwa Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe, huko Dodoma, tarehe 20 Januari, akiwa pamoja na Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Ulimwenguni: kwamba mgonjwa mmoja wa Biharamulo amethibitika kuwa na Marburg, na sampuli nyingine 25 hazikuonyesha kitu. Na kabla ya yote mawili, tarehe 14 Januari, Shirika hilo lilikuwa limekwisha kutoa habari ya washukiwa 9 wa Biharamulo na Muleba, ambao 8 kati yao wamekufa.

Twataka kuyapima maneno hayo kama mwalimu apimavyo insha. Tangazo la Serikali nalo ni maandishi. Lina mwandishi, lina wasomaji, nalo laweza kuwa zuri au baya hata kama kila neno lake ni kweli.

Hatusemi kwamba tangazo la kwanza lilikuwa la uongo. Sampuli isiyoonyesha kitu, ni haki kusema haikuonyesha kitu. Lakini kusema “katika tulivyovipima hatukuona” ni mbali sana na kusema “hakuna”. Na kwa kuwa mkazo wa tangazo ulikuwa kuwatuliza watu na mataifa, lilipofika vijijini lilikuwa limekwisha kugeuka “hakuna”. Tena mtu wa kijijini hakuwa akiuliza habari za chupa za maabara. Aliuliza habari za makaburi. Yule aliyeshikwa na homa, akatapika, akatoka damu, akazikwa asipimwe, yeye yumo katika hesabu gani? Swali hilo halikupewa nafasi ya kutosha, nalo ndilo lililokuwa mioyoni. Ugonjwa ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 13 Machi 2025, hesabu ilikuwa watu 10, wote wamekufa: 2 walithibitishwa na maabara, na 8 walihesabiwa kuwa yaelekea walikuwa nao. Basi aliyetegemea maabara peke yake asingewaona hao 8 hata mwisho.

Wakristo tunalo andiko la zamani juu ya jambo hili, ingawa ni wachache walisomao mpaka mwisho, kwa kuwa lachosha. Ni Walawi, sura ya 13. Kuhani aletewa mtu mwenye alama katika ngozi. Ikiwa alama si dhahiri, kuhani hamwambii kwamba ni safi, wala hamtangazi kuwa ana ukoma. Amweka mahali pa peke yake siku saba, amtazama tena. Na kama bado si dhahiri, siku saba nyingine. Kuhani yule hakuona haya mbele ya kusanyiko kwa kusema kwamba bado hajajua. Hata siku hizi kazi ya waganga wa Marburg ni ya kungoja. Aliyemgusa mgonjwa hutazamwa siku 21, maana ndiyo muda ugonjwa uwezao kujificha mwilini. Na ili ugonjwa usemwe umekwisha, huhesabiwa siku 42. Kazi ya namna hiyo yahitaji maneno ya namna hiyo.

Wala hatuwadai wakubwa jambo lisilowezekana, kwa kuwa walikwisha kulifanya hapa hapa Kagera. Katika Machi 2023, watu walipoanza kufa katika wilaya ya Bukoba Vijijini, Serikali ilisema kwanza kwamba uko ugonjwa usiojulikana. Ilisema hivyo waziwazi, tarehe 16. Tarehe 21 Ummy Mwalimu, aliyekuwa Waziri wa Afya, akatangaza kwamba ni Marburg. Waliougua walikuwa 9, waliokufa 6, na mwisho wake ulitangazwa tarehe 2 Juni mwaka ule. Twaona siku zile tano ni mfano bora kuliko siku tano za Januari 2025. Neno la kwanza lilikuwa “hatujaujua”, la pili “tumeujua”, wala la pili halikulifuta la kwanza. Mtu aliyeliamini la kwanza hakulazimika kuona haya alipolisikia la pili.

Huenda msomaji akatuambia kwamba twakuza jambo dogo. Twamjibu kwamba imani ya watu wa pande zetu juu ya maabara ilikuwa imekwisha kujeruhiwa zamani, na jeraha lilitoka karibu. Tarehe 3 Mei 2020 Rais John Magufuli, akiwa kwao Chato, ambako zamani kulikuwa sehemu ya wilaya ya Biharamulo, alieleza kwamba sampuli za papai na za mbuzi zilipelekwa maabara kwa siri kwa majina ya watu, na majibu yakarudi kwamba zina korona. Mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa kazi. Baada ya siku chache hesabu za wagonjwa zikakoma kutangazwa, zikiwa 509, na vifo 21. Mwanzoni mwa mwaka 2021 Maaskofu Katoliki waliwaonya waumini wao kwamba ugonjwa ungalipo, na katika Machi Padre Charles Kitima, katibu wa Baraza lao, akasema mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 wamekufa katika miezi miwili kwa shida za kupumua. Tarehe 28 Julai mwaka ule ule Rais mpya akachanjwa mbele ya watu wote. Mkulima wa kahawa au mvuvi, katika muda usiotimia mwaka mmoja na nusu, aliambiwa maabara haiaminiki, kisha akaambiwa aiamini. Akisita, tusikimbilie kumwita mjinga.

Hapo ndipo swali la asili huingia. Neno la wakubwa likiwa na ufa, watu huuziba kwa hadithi. Katika Kagera twalijua hili kuliko wengine. UKIMWI ulipoonekana huku mwanzoni mwa miaka ya 1980, wengi waliuita Juliana, jina la nguo zilizoletwa kwa magendo kutoka Uganda; na yalikuwako maneno kwamba ni uchawi wa wafanya biashara wa ng’ambo waliodhulumiwa mali zao. Baadaye wataalamu walifuata nyayo za virusi vile hata kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kameruni, na kuenea kwake kupitia Kinshasa tangu karibu miaka ya 1920. Lakini kwa muda gani mtu aliyedhani amerogwa kwa ajili ya deni alitafuta mganga wa kufungua uchawi, na huku nyumbani akimwambukiza mkewe!

Tutazame maneno yenyewe. Sisi huuliza, “Ugonjwa huu umeletwa na nani?” Mtaalamu huuliza, “Umetoka wapi?” Swali la kwanza latafuta mshitakiwa, la pili latafuta njia, ili njia izibwe. Marburg yenyewe ni jina la mji wa Ujerumani. Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara za huko, na za Frankfurt na Belgrade, waliugua kwa kushika nyani waliotoka Uganda. Watu 31 waliugua, 7 wakafa. Mwenye kutafuta mshitakiwa ataweza kuwalaumu Wajerumani kwa jina, au Waganda kwa nyani, wala hatafika popote. Waliofuata njia walifika katika machimbo ya Kitaka, Uganda, baada ya wachimbaji kuugua mwaka 2007, wakavikuta virusi katika popo wala matunda wakaao mapangoni. Na Rwanda, ng’ambo tu ya Rusumo, ugonjwa ulipotangazwa tarehe 27 Septemba 2024, walifuata njia hiyo wakafika kwenye pango la machimbo lenye popo wale wale, wakawaambia watu. Waliougua kule ni 66, waliokufa 15, nayo ni idadi ndogo kwa ugonjwa ambao mara nyingi huua nusu ya wagonjwa wake au zaidi.

Mataifa makubwa nayo yamekwama katika swali hili. Korona ilionekana kwanza Wuhan, nchi ya Uchina, mwishoni mwa mwaka 2019. Kamati ya wataalamu wa Shirika la Afya Ulimwenguni ilitoa taarifa yake katika Juni 2025: ushahidi mwingi uliopo waelekea kwa wanyama, lakini dhana ya kwamba virusi vilitoka maabara haikuweza kuchunguzwa wala kukataliwa, kwa sababu Uchina haikutoa habari zote ilizoombwa. Huo ni ufa kama wetu, ila ni mpana zaidi, na walioujaza hadithi wamesoma vyuo vikuu.

Baada ya kuwapima wakubwa, haifai tuache kujipima sisi wasikilizaji. Katika gulio, mtu humtaka bwana mganga wa wilaya alete ushahidi na mashahidi. Kisha hutoa simu mfukoni na kusoma kwa sauti ujumbe usio na jina la mwandishi wala tarehe wala mahali, na watu kumi wakatikisa vichwa. Chekecheo lililo jembamba kwa mganga lakuwa pana kwa mzushi. Nao wanaolipa gharama ni wenye nyumba ambao, kwa kuamini maneno kama hayo, wamficha mgonjwa ndani, au wamwosha maiti kwa mikono mitupu, ilhali Marburg hupita hasa kwa damu, kwa matapishi, na kwa kumgusa aliyekufa kwayo.

Siku ugonjwa utakapotokea tena (na popo hawajahama), tungependa kusikia tangazo lenye hesabu tatu: wangapi wamepimwa na majibu yao, wangapi majibu yao yangali yakingojwa, na wangapi walikufa kabla ya kupimwa. Lisomwe Dodoma, tena lisomwe siku ile ile kanisani, msikitini na gulioni, kwa Kiswahili na kwa Kihangaza, Kishubi na Kizinza, na msomaji akae kidogo aulizwe maswali. Aliyefiwa asikie kwamba marehemu wake yumo katika hesabu ya tatu, hata kama ugonjwa uliomwua bado haujapewa jina.