Sekunde Mbili za Kurudi

Anayeijua mashine ya makasia utamtambua kwa sikio kabla hujamwangalia. Feni iliyofungiwa mbele, ndani ya kizimba chake, inavuma kwa pumzi ndefu zinazolingana: inapanda mara moja, inashuka polepole, inapanda tena. Mnyororo haugongi. Kiti kinateleza kwenye reli bila kishindo. Jirani yake anayejifunza ana mlio mwingine kabisa. Mnyororo unarukaruka, kiti kinajibamiza mbele, feni inakoroma vipande vipande, naye jasho linamtiririka. Ukichungulia skrini zao, yule mtulivu ndiye mwenye kasi. Jambo hilo lilinivuta tangu mwanzo, na bado linanivuta.

Mashine ninayoisema hapa ni ile ya Concept2, inayokutwa kwenye jimu za Nairobi na Dar es Salaam sawa na za London. Walioibuni ni ndugu wawili wa Marekani, Dick na Pete Dreissigacker, waliokuwa wakitengeneza makasia huko Vermont, jimbo ambalo wakati wa baridi maji yake huganda na mashua hazina pa kuelea. Mwaka 1981 walitoa mashine yao ya kwanza, ambayo gurudumu lake lilikuwa la baiskeli. Umbo limebadilika sana tangu hapo, wazo ni lile lile: unavuta mpini, mnyororo unazungusha gurudumu, gurudumu linapambana na hewa. Ukivuta kwa nguvu zaidi, hewa nayo inakukatalia zaidi. Hakuna vyuma vya kuongeza wala mota ya kukubeba. Unachokipata ni kile ulichotia.

Makosa ya mwanzo karibu kila mtu huyaanzia mikononi. Mpini uko mikononi, basi mtu anadhani kazi ni ya mikono. Lakini kiti kinachoteleza kiliwekwa kwa sababu moja tu, nayo ni kuipa miguu nafasi ya kufanya kazi. Mtazame stadi anapofika mbele: miundi ya miguu imesimama wima, kifua kimekaribia mapaja, mikono imenyooka, mabega yametulia. Kisha miguu inasukuma. Miguu tu. Mgongo umebaki umeinama vilevile, mikono imenyooka vilevile, na mpini unakwenda, kwa kuwa kiwiliwili kizima kinasukumwa na mapaja. Magoti yanapokaribia kunyooka ndipo mgongo unapofunguka kutoka nyongani na kuegemea nyuma kidogo. Mwisho kabisa mikono inaumalizia mpini hadi chini ya kifua, vifundo vya mikono vikiwa bapa, viwiko vikipita mbavuni. Makocha hupenda kusema kwamba miguu hutoa asilimia 60 ya nguvu, mgongo 30 na mikono 10. Ni makadirio, lakini yanamsaidia mtu kujua aanzie wapi.

Hapa namkumbuka Asiya Sururu wa Mombasa, Mkenya aliyepiga makasia kwenye Michezo ya Paralimpiki, ile ya Tokyo iliyofanyika 2021. Alipoteza miguu yote miwili kwa ajali ya treni akiwa mtoto mdogo, na kundi analoshindania huvuta kwa mabega na mikono peke yake, kiti kikiwa hakisogei, kwa umbali wa mita 2,000. Sisi wenye mapaja mazima tunaoyaacha yakae bure kwenye kiti tungefaa kumtazama kwa makini, tuone mvuto wa mikono unavyoweza kuwa safi pale unapokuwa ndio wote ulionao.

Sehemu ngumu kuliko zote ni ile ya kushika, yaani kile kitambo kifupi ambapo mwili unageuka kutoka kwenda mbele na kuanza kusukuma. Gurudumu bado linazunguka. Kulipata ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea: ukichelewa unasukuma hewa, ukiwahi unagongana naye. Wengi huchelewa, na kuchelewa huko kunaonekana kwa kosa moja la pekee: kiti kimeshakimbia nyuma, mpini umebaki palepale. Nyonga zimeondoka bila kuvuta kitu, nguvu ya mapaja imepotea, na mgongo umeachiwa mzigo usio wake. Skrini ina mchoro unaoonyesha nguvu ndani ya kila mvuto, na kosa hili hujiandika humo waziwazi, kwa mstari wenye nundu mbili na bonde katikati. Mvuto mzuri una nundu moja tu, inayopanda mapema na kushuka bila kukatika. Nimewaona watu wakitoa miguu kwenye mikanda ya vibao na kuvuta hivyo kwa dakika nyingi, taratibu, macho kwenye mstari huo. Bila mikanda, anayejirusha nyuma kupita kiasi anaangushwa papo hapo, kwa hiyo mwili unajifunza kumalizia mahali panapostahili.

Halafu kuna kurudi, na hapa ndipo ninapoona ufundi wenyewe ulipo. Mpangilio unageuzwa: mikono inaondoka kwanza kifuani, mgongo unaifuata kwa kuinama kutoka nyongani, na mpini ukishavuka magoti ndipo magoti yanapokunjwa. Mwenye pupa hukunja magoti mapema, mpini unalazimika kuyaruka, na huko ndiko unakotoka ule mnyororo unaorukaruka. Ukivuta mara 20 kwa dakika, kila mzunguko una sekunde tatu. Moja ni ya kusukuma, mbili ni za kurudi. Mgeni huziona hizo mbili kuwa hasara na hukimbilia mbele ili avute tena. Stadi huzitumia zote: mapafu yanajaa, mapaja yanapumzika, na mwili unajipanga mapema ili ukifika mbele usiwe na la kurekebisha.

Mashine nayo haikai bure katika sekunde hizo. Kompyuta yake inapima jinsi gurudumu linavyopungua mwendo, na kwa hilo inajua hewa ina ukinzani kiasi gani, kisha inahesabu mita zako kwa haki. Ndiyo sababu kile kiwenzo cha ubavuni, chenye namba 1 hadi 10, hakimpi mtu kasi ya bure. Vijana hukiweka kwenye 10 wakiamini ndiyo ngazi ya mabingwa. Kumbe kinaruhusu tu hewa nyingi zaidi kuingia, mvuto unakuwa mzito na wa polepole, na mgongo ndio unaoumia. Wavutaji wengi wazoefu huangalia kipimo cha ukinzani kwenye skrini na kukiweka kati ya 110 na 130, popote namba ya kiwenzo itakapoangukia. Nayo huangukia tofauti kulingana na mahali. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa, kwa hiyo kiwenzo kikikaa kwenye namba ile ile, ukinzani utakuwa mdogo Nairobi. Vumbi likiziba kizimba cha feni, unashuka tena. Anayejua haya huketi, huvuta mara chache, husoma kipimo na kurekebisha, ndipo aanze.

Kasi yenyewe ina hesabu isiyo na huruma. Nguvu inayotakiwa hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi, yaani ukitaka kwenda kasi mara mbili utoe nguvu mara nane. Kumaliza mita 500 kwa dakika 2 kunataka wati 203 hivi. Kutoka dakika 2 na sekunde 10 kufika hapo unaongeza wati kama 43. Kutoka hapo kufika dakika 1 na sekunde 50 unaongeza 60, na kushuka hadi dakika 1 na sekunde 40 unaongeza 87 nyingine. Sekunde ni kumi zile zile, gharama inazidi kila hatua. Mwaka 2018, Josh Dunkley-Smith wa Australia alipoweka rekodi ya dunia ya mita 2,000 kwa dakika 5 na sekunde 35.8, wastani wake ulikuwa karibu wati 590 tangu mwanzo hadi mwisho. Brooke Mooney wa Marekani, alipoweka ya wanawake mwaka 2021 kwa dakika 6 na sekunde 21.1, alipita kidogo wati 400.

Kwa sababu ya hesabu hiyo, wanaotaka kasi hutumia muda wao mwingi wakivuta polepole. Ukienda mwendo wa dakika 2 kwa mita 500 kwa mivuto 30 kwa dakika, kila mvuto unakupeleka mita 8 na kitu. Fanya mwendo ule ule kwa mivuto 20 na kila mmoja lazima ukupeleke mita 12 na nusu. Huwezi kuupata huo kwa mikono wala kwa fujo. Lazima miguu ishike mapema, mgongo usubiri zamu yake, na mwili ufike mbele umetulia. Ndiyo maana mazoezi ya kila siku ni ya dakika 40 au saa nzima kwa mivuto 18 hadi 20, mtu akiwa bado anaweza kuongea, na mara chache tu kwa wiki huja yale makali, kama mita 500 mara nane na mapumziko katikati. Mwanafunzi akiniuliza ayape uzito mazoezi yapi, nitamwambia yale marefu, bila kusita. Makali humwonyesha nguvu alizonazo, marefu ndiyo yanayomfundisha kuvuta.

Siku ya mita 2,000 haya yote hupimwa pamoja. Mivuto michache ya kwanza ni mifupi na yenye nguvu, ya kuliamsha gurudumu, kisha mtu anatulia kwenye mwendo aliopanga, ingawa mwili bado mbichi unamshawishi aende kasi zaidi. Anayeukubali ushawishi huo atalipa baada ya mita 1,000, kwenye robo ya tatu, ambapo mapaja yanaungua, mwisho bado uko mbali, na kurudi kunaanza kufupishwa bila mwenyewe kujua. Mita 250 za mwisho mivuto inapanda hadi 34, hata 36 kwa dakika. Ukumbi mzima unapiga kelele za namba. Kocha mwenye jicho anaangalia mengine: kama mpini bado unafika mbele kabisa, na kama mikono bado inaondoka kifuani kabla magoti hayajakunjwa.