Rangi za Wanuri Kahiu

Wanuri Kahiu haogopi rangi. Nairobi ya filamu yake Rafiki, iliyotoka mwaka 2018, inawaka: nywele za msichana Ziki zimesukwa kwa nyuzi za rangi rangi, na kwenye klabu ya usiku nyuso zilizopakwa rangi zinang'aa gizani. Tumezoeshwa kuuona mtaa wa Kiafrika kwa vumbi na kilio tu. Kahiu amekataa, nami namshukuru kwa hilo.

Hadithi aliichota kwenye "Jambula Tree" ya Mganda Monica Arac de Nyeko, iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Wasichana wawili, Kena na Ziki, wanapendana huku baba zao wakigombea kiti kimoja. Majirani hawana dogo, na kibanda cha Mama Atim ndicho kiwanda cha umbea.

Penzi linalochungwa na mtaa mzima halina budi kuanzia machoni. Kena anamtupia Ziki jicho, anageuka upesi, kisha jicho linarudi lenyewe. Mpiga picha Christopher Wessels hamharakishi. Anamwachia Samantha Mugatsia, anayemwigiza Kena na aliyekuwa hajawahi kuigiza filamu, muda wa kutosha hadi tabasamu limponyoke. Sijui waongozaji wangapi wangethubutu kungoja hivyo. Baadaye, ndani ya gari bovu ambalo ndilo maficho yao, kamera inasogea karibu kabisa: kiganja shavuni, shingo, pumzi. Tunaonyeshwa upole, wala miili yao haianikwi kwa ajili yetu.

Miaka minne kabla yake, kikundi cha wasanii cha The Nest Collective cha Nairobi kilitengeneza filamu Stories of Our Lives, visa vitano vya wapenzi wa jinsia moja katika nyeusi na nyeupe, na mwanzoni waundaji walificha majina yao kwa usalama. Filamu hiyo ilipigwa marufuku Kenya, kama Rafiki baadaye. Ukizitazama zote mbili, unaelewa kwamba rangi za Kahiu zilihitaji ujasiri.

Bodi ya filamu ilitaka mwisho ubadilishwe, uonyeshe majuto. Kahiu hakuugusa, na Aprili 2018 Rafiki ikafungiwa, wakati tayari imechaguliwa kwenda Cannes, filamu ya kwanza ya Kenya kufika huko. Alikwenda Mahakama Kuu. Septemba, jaji aliiruhusu kwa siku saba. Kumbi za Nairobi zikafurika, na watu wakauona mwisho uleule alioupiga.