Mvua ya Mitungi: Vitabu Viwili vya Kufunzia Nahau za Kiingereza

Mnamo mwaka 1855 kilitoka mjini Paris kitabu kidogo cha mazungumzo kilichokusudiwa kuwafaa vijana wa Kireno waliotaka kujifunza Kiingereza. Kichwa chake kilikuwa O Novo Guia da Conversação em Portuguez e Inglez, na juu yake yaliwekwa majina mawili: José da Fonseca na Pedro Carolino. Wa kwanza alikuwa amekwisha kutunga kitabu cha namna hiyo hiyo cha Kireno na Kifaransa, wala hicho hakikuleta aibu yoyote. Wengi wa waliochunguza jambo hili huona kwamba hakushiriki katika kile cha Kiingereza, bali jina lake lilitumiwa tu. Lawama yote basi imemwangukia Carolino ambaye, kwa kadiri kitabu chenyewe kinavyoshuhudia, hakukijua Kiingereza. Yaelekea alichukua Kifaransa cha Fonseca, akafungua kamusi ya Kifaransa na Kiingereza, akahamisha neno moja moja mpaka kitabu kikaisha.

Mwaka 1883 kitabu hicho kilichapishwa upya London na Boston kwa jina la English as She Is Spoke, na safari hii makusudi yalikuwa kuchekesha. Toleo la Boston lilitiwa utangulizi na Mark Twain, ambaye miaka mitatu tu kabla ya hapo, yaani 1880, alikuwa ametoa insha ndefu ya kulalamikia ugumu wa Kijerumani. Ni ajabu kidogo kwamba mtu aliyeumizwa hivyo na lugha ya jirani hakumwonea huruma aliyeumizwa na yake.

Lakini kicheko si uhakiki. Swali linalofaa kuulizwa ni hili: kosa la Carolino ni lipi hasa? Kireno kina usemi unaosema kwamba mvua inanyesha mitungi, na Carolino aliuingiza katika Kiingereza na mitungi yake. Mwingereza hucheka, walakini yeye mwenyewe husema kwamba mvua inanyesha paka na mbwa. Mtu asiyejua lugha hata moja kati ya hizo mbili, akiombwa achague usemi wenye akili zaidi, bila shaka atachagua wa Carolino, maana mtungi hukaa maji na paka huyakimbia. Kuna mfano mwingine ulio maarufu zaidi. Kifaransa kina usemi wenye maana ya kungoja mahali mpaka mtu achoke, nao umejengwa kwa kitenzi cha kutafuna pamoja na jina ambalo umbo lake huweza kumpoteza mgeni. Carolino aliingia humo na kamusi yake, akatoka na Kiingereza cha kumtafuna tumbili mdogo. Hata hapo hakufanya jambo lisilo na utaratibu. Aliuliza kila neno lina maana gani, akajibiwa sawasawa na kamusi, akaandika alichojibiwa.

Hapa ndipo penye shida. Carolino hakupungukiwa na maneno, wala mantiki haikumtupa. Alichokosa ni watu. Nahau ni mapatano ya watu wanaosema pamoja, na mapatano hayo hayaonekani ndani ya neno lenyewe hata likipasuliwa vipi. Kwa hiyo kitabu chake kina lugha isiyokuwa ya mtu yeyote: Mreno hakuisema, Mfaransa hakuisema, na Mwingereza aliisoma ili acheke.

Kitabu cha pili kilizaliwa mbali sana na Paris, na katika hali ngumu zaidi. Harold Palmer, Mwingereza, alifika Japani mwaka 1922, na mwaka uliofuata ikaanzishwa mjini Tokyo taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza aliyoiongoza. A. S. Hornby alifika huko mwaka 1924 kufundisha katika mji wa Oita, na baadaye akavutwa katika kazi ya taasisi hiyo. Palmer na wenzake hawakuanza kwa kukusanya semi za kupendeza. Walikusanya maneno yanayoandamana: kitenzi hiki na jina lile, jina hili na kihusishi kile. Mwaka 1933 ilitoka taarifa yao ya pili ya muda juu ya maandamano hayo ya maneno, na ukubwa wa orodha yake ulionyesha kwamba mkusanyo wa mambo madogo hauna mwisho wa karibu. Matunda ya kazi hiyo ni kamusi ya Hornby, Gatenby na Wakefield iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942, wakati nchi ya watungaji na nchi ya wachapishaji zilipokuwa vitani. Jina lake lilikuwa Idiomatic and Syntactic English Dictionary. Oxford waliichapisha tena mwaka 1948, na ndiyo mama wa kamusi ya wanafunzi iliyoenea shuleni katika Afrika ya Mashariki na kwingineko.

Jina lile la mwaka 1942 lastahili kutazamwa. Watungaji waliunganisha nahau na sarufi katika kichwa kimoja, na Mwingereza wa kawaida angeweza kushangaa, kwa kuwa yeye amezoea kuona nahau kama pambo na sarufi kama amri. Msomi wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa. Neno nahau lilitujia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya sarufi, na hata baada ya kupewa kazi ya kuitia semi maalumu, maana ile ya kwanza haijatoweka. Neno moja limebeba mambo mawili ambayo Hornby alihitaji maneno mawili kuyataja, naye aliyaweka pamoja kwa sababu ile ile: njia ambayo maneno yamezoea kukaa pamoja ndiyo sarufi yenyewe ikiwa kazini.

Kamusi hiyo haikutosheka kumweleza mwanafunzi maana ya kitenzi. Ilimwonyesha kitenzi hicho hufuatwa na nini, kwa mifumo iliyotiwa nambari. Na kila jina lilionyeshwa kama lahesabika au halihesabiki. Jambo la pili laonekana dogo mpaka mtu asome madaftari ya wanafunzi wa Kenya, ambamo samani na ushauri hutiwa alama ya wingi ya Kiingereza bila wasiwasi, maadamu samani ni nyingi na ushauri umetolewa mara tatu.

Anayedhani kwamba shida hii ni ya Kiingereza peke yake na achukue kitenzi piga. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 hutumia nafasi kubwa kukieleza, wala nafasi hiyo haikupotea bure. Nguo hupigwa pasi, magoti hupigwa, mbizi hupigwa, simu hupigwa, kura hupigwa, na hakuna kinachoumia. Chafya hupigwa, lakini kikohozi hakipigwi. Mtu hukohoa tu. Mgeni aliyejifunza kusema kwamba mzee fulani amekula chumvi nyingi atashangiliwa barazani. Mgeni huyo huyo akiomba shati lake lifanywe pasi, wote watajua kwamba bado yuko nje ya mlango. Usemi wa chumvi waweza kuokotwa kwa siku moja na kuvaliwa kama kofia. Piga pasi haiokotwi. Hupatikana kwa kukaa na watu, au kwa kitabu kilichotungwa na mtu aliyekaa na watu na kusikiliza.

Kwa kipimo hiki kamusi ya Tokyo ni kazi kubwa, na Carolino hawezi kuwekwa karibu nayo. Hata hivyo yafaa kuulizwa mapatano yaliyoandikwa humo ni ya nani. Mwanafunzi wa Tokyo wa mwaka 1942 hakuwa na Kiingereza cha mtaani kwake. Kilichokuwako ni cha vitabu, na kilitoka Uingereza. Kwake yeye swali hili halikuwa na uzito. Lina uzito mkubwa Nairobi na Kisumu, ambako Kiingereza husemwa na watu wasiokuwa Waingereza, baina yao wenyewe, kila siku.

Chukua maamkizi ya mtu aliyekuwa haonekani kwa muda mrefu. Mswahili humwambia kwamba amepotea, na Mkenya akigeukia Kiingereza humwambia vivyo hivyo. Mtu akijikwaa, aliye karibu humpa pole, na kwa Kiingereza hutumia neno ambalo Mwingereza aghalabu hulihusisha na kuungama kosa. Mwingereza akajibu kwamba hukukosa wewe. Pole pole nayo imezaa ‘slowly by slowly’, usemi ambao kamusi ya Hornby isingeutambua. Mbinu iliyotumika katika mifano yote mitatu ni ile ile ya Carolino: neno kwa neno kutoka lugha moja hadi nyingine. Lakini matokeo si sawa. Anayeambiwa amepotea anajua kwamba alikumbukwa, naye hujibu kwa furaha. Mitungi ya Carolino haikupata wa kuipokea. Hii imepata wapokeaji mamilioni. Kumpanga Mkenya huyu katika safu moja na Carolino ni kuhukumu kwa kutazama njia aliyopitia mtu na kusahau kama alifika.

Si kwamba mwanafunzi asifundishwe Mwingereza anasemaje. Afundishwe, tena kwa ukamilifu, kwa kuwa atasoma na kuandika pamoja na ulimwengu mpana. Tatizo ni kwamba shule nyingi hazimfundishi mapatano ya Mwingereza wala haziyaheshimu ya kwao. Humpa orodha. Mtihani wa darasa la nane, uliofanywa tangu 1985 hadi 2023, ulikuwa na insha kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na katika lugha zote mbili wanafunzi walizoea kwenda chumbani wakiwa wamebeba semi walizokariri, za kufungulia na za kufungia, za jua na za machozi. Mvua ya paka na mbwa ilinyesha katika insha za watoto ambao katika maisha yao yote hawakuwa wamemsikia mtu akiisema, na ilinyesha hata katika hadithi za ukame. Katika insha za Kiswahili jogoo la kwanza liliwika kila alfajiri, hata mijini kusikofugwa kuku. Carolino alikuwa na udhuru: hakuwa na wa kumuuliza. Mtoto wa Kenya amezungukwa na wasemaji wa Kiswahili na wa Kiingereza cha Kenya, na bado amepewa kitabu cha mitungi.

Mtu anayesahihisha insha ya namna hiyo hukuta mambo mawili katika aya moja. Usemi uliokaririwa, usioafikiana na habari, huutia alama ya kupasi kwa sababu umeandikwa bila kosa la tahajia. Chini yake, mhusika anapokutana na rafiki wa zamani na kumwambia kwa Kiingereza kwamba amepotea, kalamu nyekundu hupita juu ya maneno hayo. Na hayo ndiyo maneno pekee katika aya nzima ambayo mtoto aliyasikia kinywani mwa mtu.