S Moja kwa Msafara Mmoja wa Vitenzi

Kitenzi cha Kiingereza "work" kina sura nne katika wakati uliopo. "She works" ni mtu ambaye hufanya kazi. "She is working" anafanya kazi sasa hivi. "She has worked" amekwisha kufanya kazi. Na "she has been working" amekuwa akifanya kazi na bado anaendelea. Aghalabu sura hizi hufundishwa kama majedwali manne ya kukaririwa, kila moja na somo lake. Ukiyaweka majedwali hayo bega kwa bega, linajitokeza jambo ambalo jedwali moja haliwezi kulionyesha: "works", "is", "has", "has". Nafsi ya tatu umoja hutambulishwa kwa S, nayo S hukaa kwenye kitenzi kinachotangulia tu. Vinavyofuata havibebi nafsi. Ukanushaji nao hutii kanuni hiyo: katika "she does not work", "does" hutangulia na kuichukua S, na "work" hubaki bila kitu.

Hapa ndipo kosa maarufu la "she does not works" linapopata maelezo. Kwa kawaida Kiswahili hutaka kila kitenzi kitaje mtendaji wake. Katika "amekuwa akifanya", kiambishi a- kimetokea mara mbili, na hakuna anayekiona kuwa cha ziada. Mwanafunzi anayeirudia S hajasahau upatanisho. Ameuheshimu kupita kiasi, kwa mujibu wa lugha aliyoizoea.

Zipo hoja za kupinga. Ya kwanza ni kwamba kosa hilihili hufanywa pia na wanafunzi ambao lugha zao hazina viambishi vya nafsi. Ni kweli, hivyo Kiswahili si chanzo pekee. Lakini hata chanzo kikitofautiana, tiba ni ileile: kumwonyesha mwanafunzi mahali pa S. Hoja ya pili ni nzito zaidi: mbona "she can work" haina S popote, ilhali "can" ndiyo iliyotangulia? Jibu limo katika historia. "Can" na "may" zilitokana na sura za wakati uliopita ambazo baadaye zilichukua maana ya wakati uliopo, na wakati uliopita haukuwa na S, kama "she worked" isivyo nayo leo. Kwa hiyo vitenzi hivi haviivunji kanuni ya mahali. Vyenyewe tu havipokei alama hiyo.

Walimu, fundisheni kanuni moja kabla ya majedwali manne. Mwanafunzi atafute kitenzi kinachoongoza msafara, akipe S kama kinaipokea, kisha aviache vinavyofuata kama vilivyo.